Mtaka cha Mvunguni: Juu ya Kuomba Fedha za Serikali kwa Usafiri wa Vijijini

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Wenzetu waliotutangulia wamesimulia habari za mizani, ghala na bei. Sisi tumepewa jambo la njia. Kwani mazao yasiyofika sokoni ni chakula cha ndege tu.

Nyote mwaijua nchi yetu hii ya Dodoma. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na moja ya mavuno hayo huangukia wakati wa mvua. Korongo lililokuwa kavu asubuhi, jioni limejaa, wala gari halipiti. Mkulima hukaa ng'ambo na makreti yake akiitazama mali yake ikiharibika, na mama mjamzito naye hungoja papo hapo.

Kwa sababu hiyo tuliandika ombi letu la kwanza. Tuliomba lori. Lilikuwa na maneno mengi ya shida, wala halikuwa na hesabu hata moja. Tuliulizwa kwa adabu: lori hilo litapita wapi, litabeba nini, na nani atalipa mafuta na matairi? Hatukuwa na jibu. Tulinung'unika siku nyingi, kisha tukakiri ya kuwa maswali yale yalikuwa ya haki.

Fedha nyingi peke yake si dawa. Jirani zetu wa Kongwa wanakumbuka. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha pale shamba kubwa la karanga. Mitambo ililetwa, na reli ikajengwa kutoka Msagali. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ule, pamoja na mashamba yake ya Urambo na Nachingwea, uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Linganisheni na Makete, katika nyanda za juu kusini. Huko, katikati ya miaka ya 1980, watafiti walianza kwa kwenda nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu huenda wapi, kwa saa ngapi, wamebeba nini. Ikaonekana kwamba safari nyingi hazikuwa za barabarani kabisa, bali za vijia vya kwenda kisimani, kuni, shamba na mashine ya kusaga. Na mzigo ulio mkubwa zaidi ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Ndipo zikafuata kazi za kutengeneza vijia na kufuga punda, pamoja na barabara. Kuhesabu kulitangulia kuomba.

Basi, wajumbe, tumejifunza mambo manne.

Kwanza, tuhesabu: watu wangapi hupita, magunia mangapi, siku ngapi njia hufungwa.

Pili, ombi lipite mlango wake: Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Halmashauri, likiwa na muhtasari uliotiwa sahihi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Apelekaye ombi mwezi Mei amekuta chungu kimekwisha pakuliwa.

Tatu, tutofautishe ruzuku na mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa mwaka 2024. Fedha hizo hazina riba, na kikundi cha vijana chaweza kununulia bajaji ya mizigo. Walakini ni deni, hazina budi kurudishwa.

Nne, tuseme mapema nani atatunza. Kalavati lisilozibuliwa huwa ukuta wa kuzuia maji, na maji hayakubali kuzuiwa.

Wala tusiende kwa unyonge. Mfuko wa Barabara hupata fedha zake hasa kwa tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kijana wa bodaboda anunuapo lita moja amekwisha changia. Hatuombi sadaka, lakini mwenye haki naye yampasa kuonyesha hesabu.

Ombi letu la pili haliombi lori. Laomba kivuko cha zege katika korongo moja tu, lile linalofunga vijiji vingi kuliko mengine yote, na wanachama wameahidi mawe, mchanga na nguvu zao. Limekwisha pita katika Kata, na sasa lapelekwa Halmashauri.

Twawasihi kila chama cha msingi kilete hesabu za njia zake kabla ya mwisho wa Oktoba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miaka kumi tumesimama wima tukililaumu korongo. Sasa tuiname tuhesabu.