Tuwe Macho ya Jirani, Tusiwe Mdomo Wake

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanavikundi vya kujisaidia wa Tawa)

 

Leo tunataka tuongee juu ya majirani zetu wasioona. Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika kikundi chetu kulikuwa na mama mmoja mzee aliyepoteza macho. Tulikuwa tunampelekea maji na unga, na tukajiona tumefanya vizuri. Siku moja majina ya watu wa kuandikishwa kwa msaada yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi fulani, pamoja na tarehe ya kuja na kipande. Jina lake lilikuwa hapo. Sisi tulipita, kila mtu akatafuta jina lake, tukaenda zetu. Hakuna aliyemwambia. Tarehe ikapita. Alipojua hakugomba. Alisema tu, "Mnaniletea unga, lakini hamniletei habari." Neno hilo linatuuma mpaka leo.

Mnaona? Karatasi ya ukutani haisemi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu zaidi ya 330,000 wenye shida ya kuona. Wengi wanakaa vijijini kama sisi, mbali na ofisi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kupata habari kwa njia inayomfaa, kama maandishi ya breli. Kwa hivyo tunapomsaidia kufika ofisini hatumwombei sadaka. Tunamfikisha kwenye haki yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, hospitali kabla ya karatasi. Si kila asiyeona atabaki hivyo. Mtoto wa jicho anaweza kuondolewa kwa upasuaji, na mtu akaona tena. Presha ya macho ni tofauti: kilichopotea hakirudi, lakini dawa zinaweza kulinda kilichobaki. Tusiseme "ni uzee tu". Mpelekeni akapimwe, na mwulize kama kuna kambi ya macho inayokuja karibu.

Pili, kuandikishwa. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linaloandikisha na kutoa kadi. Lazima mtu apimwe kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Ulizeni mapema ni hospitali gani, ni siku gani, na kama kuna malipo, ili mzee asipande matatu mpaka Wote bure. Siku hizi maombi yanapitia kwenye intaneti. Hapo kijana wa kikundi mwenye simu nzuri ana kazi. Mtu wa kati akija na kusema "nipe kitu kidogo nikuharakishie", mkataeni.

Tatu, tusidanganyane: kadi si pesa. Kadi inafungua milango. Baraza lina mfuko unaosaidia kwa vifaa kama fimbo nyeupe, kwa karo, na kwa miradi ya vikundi vya watu wenye ulemavu vilivyoandikishwa. Lakini mlango hufunguka kwa anayebisha.

Nne, Inua Jamii. Huu ni msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zenye mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Hapa watu wengi hukosea. Kutoona peke yake hakumwingizi mtu. Upande wa ulemavu ni wa yule anayehitaji mtu wa kumtunza kila wakati, na nyumba yake ni maskini. Lakini mzee asiyeona aliyefika miaka 70 anaweza kuomba kwa umri wake. Kwa hivyo angalieni kipande: mwaka wa kuzaliwa ni sawa? Ukiwa umeandikwa vibaya, anzeni hapo. Halafu mwulizeni naibu wa chifu na ofisa wa maendeleo ya jamii uandikishaji unafunguliwa lini. Haufunguliwi kila siku, na ukifungwa ni kungoja tena.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Anayesaidia anaweza pia kuharibu. Tumesikia, na nyinyi mmesikia, pesa za mtu asiyeona zinaingia na yeye anapewa sukari kilo moja na kuambiwa, "Ndizo hizo." Huo ni wizi, hata akiwa mwizi ni mtoto wake wa kumzaa.

Kwa hivyo tumekubaliana na masharti haya, nanyi mnaweza kuyachukua:

1. Karatasi isomwe yote, kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, kabla hajaweka kidole gumba.
2. Namba ya siri ni yake. Akilazimika kumwambia mtu, achague mwenyewe ni nani.
3. Pesa zihesabiwe mkononi mwake, mbele ya mtu wa pili. Noti zilizotolewa tangu 2019 zina alama za kupapasa pembeni. Asiyezizoea anaweza kukunja kila aina ya noti kwa njia yake.
4. Ofisini, karani akituuliza sisi, "Huyu anataka nini?", tumjibu, "Mwulize mwenyewe, anasikia."
5. Njiani tusimvute kama mbuzi. Ashike kiwiko chetu, sisi tutangulie hatua moja, tumwambie palipo na ngazi au mtaro.

Mama mmoja hapa ametuuliza, "Na sisi tunapata nini kwa kazi hiyo yote?" Ni swali la haki. Nauli ni pesa na siku ya kibarua ni pesa. Kikundi kitenge kitu kidogo kwa nauli, na watu wapokezane zamu, kama tunavyofanya mwethya wa kuchimba mitaro ya shamba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na tukumbuke kwamba macho hayana mkataba na mtu. Anayesoma ukuta leo, kesho atahitaji kusomewa.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kiandike majina ya wote wasioona katika kijiji chake, hata wale waliofichwa nyumbani. Halafu muende kwa kila mmoja, mkae chini, mmwulize anahitaji nini. Msiende na jibu mfukoni. Yule mama wetu tulirudi kwake tukaomba msamaha. Siku hizi kila tangazo tunaloliona tunalipitisha kwake kwanza, na uandikishaji ukifunguliwa tena tutakwenda naye. Unga bado tunampelekea, lakini habari ndiyo inatangulia.