Kaye ya Usiku na Funguo za Magazini

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji, Walikale



Mimi ni karani, sishiki koleo wala waya. Lakini kaye ya usiku hupita mikononi mwangu kila asubuhi, na maneno yake ni yale yale: "Pampu ilisimama. Sababu: uzembe wa mafundi." Leo tuliangalie neno hilo, uzembe.

Moteri ya pampu kubwa hupokea umeme kwa nyaya tatu. Mmoja ukikatika, moteri iliyosimama haizunguki. Inanguruma tu na kupata moto, mpaka waya za shaba za ndani ziungue. Kuna chombo kinachokata umeme kabla ya hasara hiyo. Kikikata, fundi hutafuta sababu. Lakini kapita anapaza sauti: "Washa!" Anawasha, kinakata. "Washa tena!" Mwishowe mtu anakizuia kwa kijiti kisikate, ili kelele ziishe. Asubuhi moteri imeungua, na jina linaloandikwa ni la fundi. La aliyeamuru sijaliona hata siku moja.

Tena kuna unyevu. Nchi yetu ni mwitu wa mvua, na moteri iliyolala siku chache hunywa maji ya hewa. Fundi mwenye akili huipima kwanza, aone kama umeme hauvuji kwenda kwenye chuma cha nje. Ukivuja, huikausha kwa joto la polepole, pengine usiku kucha. Mkubwa akipita humwona mtu ameketi kando ya mashine, husema amelala kazini. Kumbe kazi ndiyo hiyo!

Na piesi za badala? Magazini hufungwa jioni, funguo zinakwenda kulala nyumbani kwa bwana wake. Michoro ya waya imo kabatini buroni, kwa lugha ya Kiingereza. Basi fundi anafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, tochi mdomoni. Kipande anachokihitaji alikiona mchana juu ya rafu. Huku nyuma maji yanapanda chini ya ardhi, na feni ya hewa ikisimama moshi wa baruti unabaki na watu. Bati ya Walikale inakwenda ng'ambo kuwa lehemu ya kuunganishia waya za redio na simu za dunia nzima, na fundi wetu saa nane za usiku anaomba lehemu kwa jirani.

Wazee wanaikumbuka SOMINKI, iliyoundwa mwaka wa 1976. Bei ya bati ilianguka mwaka wa 1985, na mwaka wa 1997 kampuni hiyo ikavunjwa. Kisha pale Bisie, katika miaka ya 2000, mawe yalitolewa kwa nyundo na kubebwa mgongoni, kilo 50 kwa mzigo, hata Njingala. Katika miaka hiyo vijana wengi hawakupata moteri ya kujifunzia. Mgodi wa mashine kubwa ulianza kutoa bati Bisie mwaka wa 2019, nao ulisimamisha kazi Machi 2025, vita vya M23 vilipokaribia, ukaanza tena Aprili. Kuamsha mashine baada ya kusimama si kubonyeza kitufe. Kunataka watu wanaojua, nao ni wachache.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Funguo ya magazini ikae na mkubwa wa zamu ya usiku, na kila kipande kinachotoka kitiwe sahihi. Michoro inakiliwe kwa Kifaransa na Kiswahili, itundikwe karibu na mashine. Fundi anayekata umeme ili atengeneze aweke kufuli yake mwenyewe, asiifungue mwingine, hata awe mkubwa namna gani. Hilo ni jambo la uhai. Na katika kaye paongezwe mstari mmoja: nani aliamuru kuwasha.

Mstari huo hautagharimu franka hata moja, lakini naona ndio watakaoukataa kwanza.

Barua iko mezani hapa mbele. Wa zamu ya usiku watie sahihi kabla ya kwenda kazini. Wa mchana wangoje nyuma yao.