Umri wa Mtu Huandikwa na Nani?

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka



Mmetutaka tuseme machache juu ya safu moja ya daftari la chama, nayo ni safu ya umri. Huenda mtu akadhani hilo ni jambo dogo la makarani. Lakini mwaka huu safu hiyo imeleta maneno mengi kuliko hesabu ya fedha, wala hatuoni vema kulipitisha kimya kimya.

Kanuni yetu yasema kwamba mwanachama aliyetimiza miaka 70 asamehewe mchango wa kila mwezi. Kipimo hicho tulikinakili kwa Serikali, ambayo mwaka 2018 ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi walifika ofisini wazee wawili waliotahiriwa siku moja, Desemba 1968, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kitambulisho cha mmoja chasema alizaliwa mwaka 1952. Cha mwenzake chasema 1958. Wa kwanza amesamehewa. Wa pili adaiwa mpaka mwaka 2028, na kwa hesabu ya karatasi yake aliingia jandoni akiwa mtoto wa miaka kumi.

Tulipomwuliza hakuficha. Alijipunguzia miaka ili akubaliwe kurudi darasani, na baadaye miaka hiyo ikamwongezea muda kazini, hata akastaafu mwaka 2018. Karatasi ilimfaa ujanani, sasa yamdai. Hatusemi alifanya vema. Twasema tu kwamba si yeye peke yake, na humu ukumbini twawaona wanaotabasamu.

Wazee wetu hawakuhesabu miaka, walihesabu rika. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, hapakuwa na mtu wa kuutaja kwa hakika mwaka aliozaliwa. Lakini ilijulikana kwamba alitahiriwa mwaka 1913, na kwamba rika lake ni Kihiu Mwiri. Kwa Wanandi majina ya marika ni saba, nayo huzunguka: jina lililozikwa pamoja na wazee wake wa mwisho hurudi likapewa vijana. Wamasai nao wana sherehe zao, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2018 katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Katika Eunoto mama humnyoa mwanawe morani nywele zake ndefu. Kijana huinuka pale akiwa mtu mwingine, naye hajaongezewa umri hata wa siku moja. Jamaa zake ndio waliomwongezea.

Kisha ukaja utawala wa kigeni na kipimo chake. Sheria ya mwaka 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikebe. Asiyejua mwaka wake alikadiriwa kwa macho. Na huyo aliyehesabiwa mtu mzima kwa kipande na kwa kodi, akiingia jikoni kwa Mzungu aliitwa "boi", ajapokuwa na wajukuu.

Siku hizi Katiba ya mwaka 2010 yamwita mtu kijana tangu miaka 18 hata kabla ya kutimiza 35, na mzee tangu miaka 60. Sisi tunaosoma maneno haya tumo katika thelathini: kwa Katiba tu vijana bado, na nyumbani twaitwa "mzee" kila jioni.

Lakini tusiisifu rika kupita kiasi, maana mama zetu wengi haikuwapima kwa haki. Mwanamke aitwa msichana mpaka ajifungue, ndipo awe Mama Fulani. Asiyejaliwa mtoto je? Katika mkutano wetu wa mwaka jana, mwanachama mmoja wa namna hiyo, mwenye mvi kichwa kizima, alitumwa kuleta chai na watu waliozaliwa yeye akiwa mtu mzima. Aliileta. Hakuna aliyeinuka kumpokea birika, nasi makarani tukiwamo.

Kwa hiyo twapendekeza daftari liongezwe safu ya pili. Mwanachama, mume au mke, alete mashahidi wawili wa rika lake, au walioanza naye shule, na neno lao litoshe kwa mchango wa chama. Kitambulisho cha Serikali hatuwezi kukigusa. Atakaye kukirekebisha na aende kwa ofisi ya usajili. Wako waliosema kwamba watu watatoleana ushahidi wa uongo. Yawezekana, lakini ni vigumu kumdanganya mtu uliyelala naye kibandani. Tatizo kubwa zaidi ni mzee ambaye wenzake wote wamekwisha kufa. Huyo twaomba ashuhudiwe na rika linalomfuata. Michango itapungua, na Mtunza Hazina ataeleza ni kwa kiasi gani.

Jambo hili ni namba 6 katika ajenda ya leo. Yule mzee wa mwaka 1958 amelipa mchango wake wa mwezi huu asubuhi, na risiti tumekwisha kumwandikia.