Maneno Juu ya Wauguzi Waendao Uingereza

Ndugu wanachama wa Thika na Ruiru,

Tangu Kenya na Uingereza zitie sahihi mkataba wa wauguzi, Julai 2021, wengi wetu tuna binti atakaye kwenda huko. Ni vema. Lakini sisi wa reli twajua: dereva, hata akiwa hodari, hapewi treni katika njia ngeni mpaka apimwe.

Vivyo hivyo cheti cha Baraza la Wauguzi la Kenya peke yake hakitoshi kule. Kwanza muuguzi hupimwa Kiingereza. Pili hufanya mtihani wa kompyuta, nao waweza kufanywa hapa kwetu. Tatu ni mtihani wa vitendo, huko huko Uingereza. Ndipo jina lake huandikwa katika daftari lao.

Hakuna wakala awezaye kununua mitihani hiyo. Tena kanuni za Uingereza zakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Tumeona mwenzetu akiuza shamba alipe ada kama hiyo. Shamba limekwenda, binti yupo nyumbani.

Basi ndugu, akija mtu kuomba fedha, mleteni kwanza ofisi ya chama, tusome karatasi zake pamoja.