Msema Pweke Hakosi: Utetezi wa Mshitakiwa katika Kesi za Ujeuri wa Nyumbani

Maneno yafuatayo ni hotuba ya wakili mmoja mbele ya baraza la wanaume na wanawake, wazee na vijana. Tumeyapiga chapa hapa kwa sababu yawafaa watu wa mashambani na wa mjini sawasawa.



 Nilipokuwa nikiingia hapa, mzee mmoja aliyesikia habari ya hotuba yangu alinishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu, umekuja kuwafundisha watu wapigao wake zao namna ya kuponyoka?" Swali lake ni la haki, nami yafaa nimjibu kabla sijasema neno lingine.

Hapana, Baba. Kupiga mtu ni kosa, hata akiwa ni mkeo, mumeo, mtoto wako au mzazi wako. Kanuni ya Adhabu ya Kenya yasema kwamba mtu akimshambulia mwenzake bila haki aweza kufungwa mwaka 1. Akimwumiza mwili aweza kufungwa miaka 5. Akimtia madhara makubwa, kama kumvunja kiungo au kumpofusha, aweza kufungwa maisha. Wala haimfai mtu kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Huyu ni mke wangu, nilimtolea mahari." Tena, tangu mwaka 2015 iko sheria ya pekee ya kuwakinga watu na ujeuri wa nyumbani. Sheria hiyo haihesabu kipigo peke yake. Yahesabu pia vitisho, matusi ya kumvunja mtu moyo, na kumnyima mtu fedha au mali iliyo haki yake. Nayo yamkinga mume kama imkingavyo mke.

Lakini kushitakiwa ni neno moja, na kuwa na hatia ni neno jingine. Wazee wetu walisema, "Msema pweke hakosi." Mtu akisema peke yake, pasipo wa kumjibu, maneno yake yote huonekana kweli. Korti imewekwa ili pasiwe na mtu wa kusema peke yake. Mlalamikaji asema, mshitakiwa ajibu, mashahidi waulizwa, kisha hakimu apima. Ikikosekana sehemu moja, hukumu yaweza kumwangukia asiye na kosa, na mwenye kosa akabaki nyumbani akicheka.

Kesi ya Kijana wa Shambani

Nataka niwape kisa kimoja cha kweli. Katika mwezi wa Desemba 1934, huko Uingereza, msichana mmoja aitwaye Violet alikufa kwa risasi iliyotoka katika bunduki aliyoishika mumewe. Mumewe, Reginald Woolmington, alikuwa kibarua wa shambani mwenye umri wa miaka 21. Walikuwa wameoana miezi michache tu, na mke alikuwa amemwacha na kurudi kwa mamaye. Kijana alisema kwamba alikwenda na bunduki ili amwonyeshe mkewe kuwa atajiua mwenyewe asiporudi, na bunduki ikalia bila ya yeye kukusudia.

Kesi ya kwanza haikumalizika, kwa kuwa wazee wa korti hawakupatana. Katika kesi ya pili, jaji aliwaambia wazee kwamba, maadamu mke ameuawa kwa mkono wa mumewe, ni juu ya mume kuonyesha kwamba ilikuwa ajali. Wakamwona ana hatia, akahukumiwa kunyongwa. Akakata rufani, akashindwa. Akakata tena mbele ya Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo korti ya juu kabisa katika nchi ile. Mwaka 1935 Malodi waliivunja hukumu, na kijana akafunguliwa.

Sikilizeni vizuri sababu yake. Malodi hawakusema kwamba wana hakika kijana yule amesema kweli. Walisema kwamba mzigo wa kuthibitisha hatia ni wa upande wa mashitaka tangu mwanzo hata mwisho, na mshitakiwa halazimishwi kuthibitisha kuwa hana hatia. Ikiwa baada ya ushahidi wote imebaki shaka ya maana, hapana ruhusa ya kumtia hatiani. Korti za Afrika ya Mashariki zilifuata kanuni hiyo kwa miaka mingi, na leo imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50: kila mshitakiwa ahesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume. Basi jueni ya kuwa kanuni hii ambayo yamlinda mwizi wa kusingiziwa na mchuuzi wa sokoni ilipata nguvu zake katika kesi ya mume na mke.

Siku ya Kukamatwa

Sasa tuje nyumbani kwetu. Mtu akikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba chataka aambiwe sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu. Aweza kunyamaza, hapana askari mwenye ruhusa ya kumlazimisha kukiri. Aweza kuwasiliana na wakili na mtu mwingine wa kumsaidia. Lazima afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, na kama saa hizo zikimalizika siku ya mapumziko au korti zimefungwa, basi siku ya kazi inayofuata. Kadhalika anayo haki ya kupewa dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pana sababu nzito ya kumzuia.

Katika kesi za nyumbani sababu nzito hiyo mara nyingi ni moja: hofu kwamba mshitakiwa akitoka atarudi kumdhuru mlalamikaji au kumtisha asiseme. Kwa hiyo mtu anayeomba dhamana na aje na jibu la hofu hiyo. Aseme atalala wapi mbali na nyumba ile, na ndugu gani atamchukua. Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko machozi.

Kukiri kwa Haraka

Hapa nataka mnisikilize kuliko pengine pote, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoangamia.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamegombana usiku. Mke ameshika mwiko, mume amemsukuma, mke ameanguka juu ya jiko na kuungua mkono. Asubuhi mume yuko mahabusu. Mwenzake wa chumbani amwambia, "Kubali tu, bwana, utatozwa faini uende kazini. Ukikataa, kesi itachukua mwaka." Afikishwapo mbele ya hakimu na kusomewa mashitaka, ajibu, "Ni kweli," na mambo yamekwisha. Yeye alifikiri anakubali kwamba waligombana. Korti imeandika kwamba amekubali kumwumiza mkewe kinyume cha sheria.

Baadaye, akipewa kifungo, atataka kukata rufani. Lakini sheria yasema kwamba mtu aliyekiri mwenyewe hawezi kukata rufani juu ya hatia. Aweza tu kulalamika juu ya adhabu, kwamba ni kubwa mno au haikufuata sheria. Mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe kwa maneno mawili.

Katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, Korti ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza namna ambavyo kukiri kwapasa kupokewa. Mashitaka yasomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoijua mshitakiwa. Akikubali, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Kisha mwendesha mashitaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshitakiwa aulizwa kama ana la kupinga au kuongeza. Akipinga jambo la maana, kukiri kwake hufutwa na kesi husikilizwa. Basi, ndugu zangu, usiseme "ni kweli" juu ya jambo usilolifahamu. Kama hujui Kiingereza, mwombe hakimu mkalimani. Ni haki yako, wala hutoi hata senti moja. Kama ulisukuma kwa sababu ulikuwa ukishambuliwa, sema hivyo hivyo. Na kama kweli umekosa, kukiri kwa moyo mmoja ni jambo jema, na mahakimu huliangalia wanapotoa adhabu. Lakini kiri kosa ulilolitenda, usikiri ili uwahi basi.

Mtu Aliyejikinga

Msidhani kwamba washitakiwa wote ni wanaume. Yuko mwanamke aliyepigwa miaka mingi akinyamaza, na siku moja akashika kuni akarudisha pigo. Jirani waliofika walimkuta mume ndiye anayetoka damu, na mke ndiye aliyekamatwa.

Sheria yetu yamkubalia mtu kujikinga, mradi nguvu aliyotumia ilikuwa ya kadiri kwa hatari iliyokuwa mbele yake. Atakayemzuia mtu mwenye panga hapimwi sawa na atakayempiga mtu aliyelala. Lakini korti haiwezi kuona kovu ambalo halikuandikwa. Kwa hiyo mama huyu, hata akiwa mshitakiwa, na awaambie polisi siku ile ile kwamba yeye pia ameumizwa. Aombe maneno yake yaandikwe apewe namba ya OB. Aombe hati ya P3, aende kwa daktari ili majeraha yake yaandikwe kabla hayajapona. Kama aliwahi kutibiwa zamani kwa vipigo vya nyuma, atafute karatasi za hospitali. Kama jirani walisikia kelele, aseme majina yao. Mume aliyeshambuliwa na mkewe afanye vivyo hivyo, wala asione haya. Haya haikubaliwi kortini kuwa ushahidi.

Juu ya hasira, nasema hivi. Mtu akiua katika hasira ya ghafla kwa kuchokozwa, sheria yaweza kumtoa katika hatia ya kuua kwa kukusudia na kumweka katika ile ya kuua bila kukusudia. Hata hiyo ina kifungo kinachoweza kufika maisha. Hasira hupunguza kosa pengine, lakini haimfufui mtu.

Mambo Yaharibuyo Utetezi

Mshitakiwa wengi huanza na kesi yenye matumaini, kisha huiharibu wenyewe. La kwanza ni kumwendea mlalamikaji kwa vitisho au kwa kutuma ndugu wamshurutishe. Hilo ni kosa jipya, nalo laweza kumwondolea mtu dhamana yake. La pili ni kuvunja amri ya kinga. Korti ikimkataza mtu kukaribia nyumba fulani, asiende, hata kama nyumba aliijenga yeye na hati ni yake. Kama aiona amri si ya haki, arudi kortini aombe ibadilishwe. La tatu ni kujidanganya kwamba mke hawezi kusema kortini juu ya mumewe. Katika kesi ya kumwumiza yeye au watoto, aweza kuitwa na kulazimishwa kutoa ushahidi.

Mtaniuliza, "Je, suluhu ya wazee haina nafasi?" Inayo. Sheria yampa hakimu ruhusa ya kuwapatanisha watu katika kesi za shambulio dogo na makosa ya faragha yasiyo mazito, pengine kwa fidia. Lakini suluhu hiyo na ipitie mbele ya hakimu, na anayesamehe awe amesamehe kwa hiari yake. Mbuzi aliyechinjwa nyuma ya nyumba hafuti kesi. Wala mlalamikaji hawezi kuiondoa kesi kwa kukaa kimya. Korti lazima iridhike na sababu.

Asiye na Fedha ya Wakili

Kila mshitakiwa aweza kuchagua wakili. Asiye na uwezo apewa wakili na Serikali ikiwa kumwacha peke yake kutaleta dhuluma kubwa, na tangu mwaka 2016 iko sheria iliyoanzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Usingoje kuambiwa, muulize hakimu siku ya kwanza. Hata usipopata wakili, unayo haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa juu yako, kupewa muda wa kujitayarisha, kuwauliza mashahidi maswali, na kuwaleta wako. Ukishindwa, rufani ya kutoka korti ya hakimu yatakiwa ndani ya siku 14. Zihesabu.

Namaliza kwa kumrudia mzee aliyenishika mkono. Baba, siku mwanao wa kiume atakaposhitakiwa na mkewe, utataka asikilizwe. Na siku binti yako atakapofika kwako na jicho lililovimba, utataka aliyempiga ahukumiwe kwa hukumu isiyovunjika katika rufani. Mambo hayo mawili yatoka katika korti moja, ile isiyomwachia mtu kusema peke yake.