Kwa Nini Mazoezi Hutushinda Baada ya Wiki Mbili
Maelezo kwa vikundi vya kujisaidia vya Masara



Daktari humwambia mama, "Una presha, tembea kila siku." Anatembea wiki ya kwanza, ya pili, halafu basi. Tukimwuliza, anasema yeye ni mvivu. Sisi hatukubali. Mama anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto si mvivu.

Wengine wenu hamhitaji somo hili. Anayelima kwa jembe, anayechota maji mbali, anayechimba dhahabu kule mashimoni, mwili wake unatoka jasho la kutosha. Shida imewajia wale ambao kazi yao ni ya kukaa: mwenye duka, fundi wa cherehani, muuza samaki sokoni, kijana wa bodaboda. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, safari tulizokwenda kwa miguu sasa tunapanda. Hata kanisani! Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na presha ndiyo hiyo inayompoozesha mtu upande mmoja ghafla.

Sasa, kwa nini tunaacha? Aibu ipo. Mtu mzima akienda mbio bila mzigo wala safari, majirani huuliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" Mvua ya Machi nayo ikianza, njia ni matope na shamba linangoja. Lakini kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba zoezi halina mahali pake katika siku. Tunasema "nikipata nafasi", na nafasi yenyewe haiji.

Kule London, watafiti wa chuo kikuu kimoja waliwafuata watu 96 walioanza desturi mpya, na matokeo yakatolewa 2009. Kila mmoja aliifunga desturi yake kwenye jambo la kila siku, kwa mfano baada ya chakula. Kwa wastani ilichukua siku 66 kuwa mazoea, na wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Basi anayeacha wiki ya pili amefukua mbegu kabla haijaota. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hili mnalijua kwenye mchango wa zamu: mwanachama akikosa wiki moja, hamfuti jina lake kwenye daftari. Mbona kwa kutembea tunajifuta wenyewe?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwendo uwe wa haraka: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Siku ya mkutano njooni kwa miguu, wa njia moja pamoja. Watano wakipita pamoja, hakuna atakayeuliza nani amekufa. Siku nyingine, majirani wawili wapitiane saa ile ile, kabla ya kufungua duka. Katibu aweke alama daftarini, lakini faini msiweke. Mtu akiogopa faini atakwepa hata mkutano.

Mwenye maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi haraka apimwe kwanza dispensari. Na dawa za presha asiziache ati kwa sababu ameanza kutembea.