Kwa nini sauti yetu hufifia baada ya mvua

Kila msimu wa mvua mnatuuliza: mbona redio ya kambi leo inasikika vizuri, kesho inasikika kwa taabu, hasa kwa walio pembezoni? Wengine wanasema tumezimwa tusitangaze habari za mgao. Mara nyingi jibu liko kwenye waya mmoja mweusi.

Waya huo hutoka kwenye transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo, ukapanda mlingotini hadi kwenye antena. Antena ikilingana na waya, nguvu inayofika juu hutoka kama mawimbi na kukufikia wewe. Visipolingana, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka.

Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, tikisa ncha nyingine. Wimbi litakwenda hadi mtini na kurudi. Endelea kutikisa kwa mpigo unaofaa, utaona kamba imegawanyika: sehemu fulani zinaruka juu na chini, nyingine zimetulia. Watoto hulijua hili bila kufundishwa. Ndani ya waya ni vivyo hivyo. Mawimbi yanayokwenda hukutana na yanayorudi; mahali pengine hujumlishana, pengine hupunguzana. Hayo ndiyo mawimbi yaliyosimama.

Tupige hesabu kidogo. Wati 100 zikipita kwenye waya wa omu 50, volti ni kama 70 kila mahali. Robo ya nguvu hiyo ikirudi, kuna sehemu za waya zitafika volti 106, na nyingine 35 tu. Nguvu yote ikirudi, kwa mfano waya umekatika kule juu, sehemu nyingine hufika 141 na nyingine sifuri. Hapo transmita inaweza kuungua. Mitambo mingi ya sasa hujilinda: ikiona nguvu inarudi, inajipunguza yenyewe. Kwako wewe wa mbali, ndipo sauti inapojaa mikwaruzo.

Kinachoharibu ni nini? Maji yakiingia kwenye kiungio. Panya akitafuna. Na hili ndilo hasa nataka mlisikie: kamba za nguo na mbuzi wanaofungwa kwenye nyaya zinazoshikilia mlingoti. Mlingoti ukivutwavutwa, kiungio hulegea, mvua inaingia. Tafadhali, fungueni kamba hizo leo. Kipindupindu kikiingia kambini, tangazo la maji ya kunywa haliwezi kungoja fundi apande.

Wazazi, wakatazeni watoto kupanda mlingoti. Antena iliyo kazini huunguza mkono unaoigusa, na kidonda chake huingia ndani ya nyama.

Fundi wetu ana kipimo kinacholinganisha volti ya juu na ya chini kwenye waya. Moja na nusu kwa moja, tunaendelea. Tatu kwa moja, tunazima na kukagua. Kwa hiyo tukikatika ghafla baada ya mvua, mwambieni kiongozi wa kijiji chenu saa ngapi sauti ilipotea. Hiyo inamsaidia fundi sana. Na habari za mgao siku hiyo zisomeni kwenye ubao wa kituo cha ugawaji, msizichukue kwa mtu wa njiani.

Sasa tusikilize ratiba ya sabuni.